Bandari Mia Mbili Ishirini

Kabla ya zimwi la kwanza kupigwa risasi
kulikuwa na chumba cha buluu chenye maswali.

Duka la kuchapa la Mama Kokugonza, mtaa wa Rwagasore,
ghorofani, juu ya muuza nyavu.
Mchana: barua za kuomba kazi, katiba za vikundi,
kadi za harusi zenye njiwa wawili.
Saa kumi na mbili jioni anatuachia ufunguo na onyo:
"Mkigusa kazi ya dayosisi, nawakata masikio."

Lushinge alikuwa na diski nne.
Alizipata kwa kijana wa melini
kwa jozi ya viatu vya shule, vya kwake,
akaenda peku hadi Pasaka.
Ya tatu ilikuwa na ukungu. Tuliifuta kwa kanga.

Chumba cha buluu kikauliza: kadi gani ya sauti?
Majina kumi na moja, yamepangwa foleni,
na la mwisho kabisa, pembeni kidogo: Hakuna.
Tukalicheka hilo la mwisho.

Mwenye kamusi nilikuwa mimi.
"Sasa inauliza bandari," nikamwambia.
"Kaskazini au Kusini?"
"Haijasema."
Akafikiri, tena kwa dhati. "Nansio haimo?"
Zilikuwamo namba tu. Tukatia nanga mia mbili ishirini
kwa sababu mwanga ulikuwa umeshasimama hapo.

Halafu mkatizo.
Kila kifaa kina namba yake ya kumkatiza mkubwa akiongea;
wawili wakikatiza kwa namba moja
mkubwa hununa, hasemi tena na yeyote.
Kwa hilo, nyumbani kwetu, hatukuhitaji kamusi.
Tukachagua saba.
Saba ilikuwa ya printa.
Kompyuta ikaganda, printa ikatema karatasi sita
za herufi ambazo hakuna mwalimu aliyewahi kuzifundisha.
Lushinge akazikunja, akazificha kaptulani.

Basi likaja daftari la hesabu, la miraba.
220, 5, 1: kimya.
220, 2, 1: kimya, kisha umeme ukakatika.
240, 5, 1: imeganda.
Ijumaa ile wadudu wa ziwa walipanda kutoka Kirumba kama moshi,
wakajibandika kwenye kioo chenye mwanga,
tukawa tunasoma maswali katikati ya mabawa.
240, 7, 3: kimya. Wadudu wengi.

Majuma matano.

Fundi Mazigo alikuja kupuliza vumbi.
Akaufungua ubavu wa mashine kwa bisibisi,
akatuita tuchungulie:
pale pa kadi palikuwa na nafasi tupu na mende mkavu.
Siku zote hizo tulikuwa tukimbembeleza bubu aimbe,
tukidhani tatizo ni namna ya kumwomba.

Jioni tukateremka kwenye foleni hadi chini,
tukabonyeza Hakuna,
na mchezo ukafunguka papo hapo, bila kinyongo.

Nilicheza mimi. Kaka yangu akawa kadi.
Kidevu begani kwangu, pumzi ya karanga,
akapiga bunduki, akakanyaga maji,
na mlango wa chuma ulipojivuta
aliufungua kooni, taratibu, kwa mkwaruzo wenye kutu
ulioishia na kikohozi.

Baadaye kadi zikaja, kutoka Nairobi, ndani ya sponji.
Maswali yakapungua, likaongezwa jibu la "tafuta mwenyewe",
kisha chumba chenyewe kikabomolewa.
Sasa michezo inaingia ndani bila hodi.
Hainiulizi nina nini nyumbani.

Mwezi uliopita nimeukuta ule wetu,
mzima, pamoja na chumba chake cha buluu.
Nikaupa kila ulichotaka. Mia mbili ishirini, tano, moja.
Nikaufikia mlango wa chuma.

Nikampigia Lushinge, yuko Geita, mtandao mbovu.
"Mlango wao umekosewa," nikamwambia.
"Mlango upi?"
Nikanyamaza. Naye akanyamaza, nikasikia jenereta nyuma yake,
mtu akiita jina lisilo lake.
Kisha, kwa koo la mtu wa miaka arobaini na kitu,
akaufungua.